Trekta la Mayatima: Kutoka Bumula Hadi Kitale

Kutoka Mombasa hadi Bumula ni safari ya siku mbili kwa mwenye kuuhurumia mwili wake, na ya mchana na usiku mmoja kwa asiyeuhurumia. Nilikuwa na mtoto wa miaka sita pamoja na kikapu cha halua na tende, kwa hivyo nikachagua siku mbili: garimoshi la asubuhi hadi Nairobi, usiku mmoja kwa jamaa zetu Eastleigh, kisha basi la alfajiri linalopita Nakuru na Eldoret. Baada ya Eldoret nchi huanza kuteremka na baridi hupungua. Ukifika Webuye, mji uliowahi kuitwa Broderick Falls kwa ajili ya maporomoko ya mto Nzoia, mtu wa pwani huanza kulegeza shali lake. Mbele kidogo miwa huanza kuiziba barabara pande zote mbili, kisha ndio Bungoma, mji wa reli ya zamani na wa malori ya Malaba yasiyolala.

Kituo cha Bumula kiko kusini-magharibi ya mji huo. Jimbo lenyewe lina kata saba, kuanzia Khasoko na Siboti hadi Kimaeti na Kabula, na kote nilikopita niliona mambo yale yale: miwa, mahindi, njugu, tumbaku mahali mahali, na nyumba zilizojificha nyuma ya miembe. Asubuhi isiyo na mawingu mlima Elgon huonekana upande wa kaskazini, nao Wabukusu huuita Masaba. Kusini, ng'ambo ya mto Nzoia, iko Mumias, ambako misafara ya Waswahili kutoka kwetu pwani ilikuwa ikipiga kambi katika karne ya 19, zama za Nabongo Mumia. Kwa njia hiyo Uislamu uliingia katika nchi hii ya magharibi, na ndiyo sababu mgeni kutoka Mombasa hashangai kusikia adhana ikipita juu ya miwa.

Shangazi yangu aliolewa huko zamani, na Mbukusu aliyekuwa akifanya kazi bandarini Mombasa. Marehemu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alipostaafu alichukua akiba yake yote akanunua trekta kuukuu aina ya Massey Ferguson 290, akarudi nalo kwao. Jirani walidhani ni wazimu wa mstaafu. Lakini aliifahamu nchi yake. Muwa ni mmea wa subira: hukaa shambani mwaka mmoja na nusu na zaidi kabla ya kukatwa, na malipo yake yana subira yake nyingine. Kiwanda cha Mumias, kilichoanza kusaga mwaka 1973, kiliwekwa chini ya mrasimu mwaka 2019, na wakulima wa eneo zima wanajua maana ya kungoja fedha ya muwa. Trekta halingojei. Mwenye shamba akitaka kulimiwa kabla ya mvua ya Machi hulipa kwa ekari, papo kwa papo, na Bungoma ina misimu miwili ya kupanda kwa mwaka. Kwa fedha hiyo nyumba ya shangazi ililipa karo, ikajenga, ikatoa sadaka.

Marehemu alifariki Septemba. Mwezi wa Desemba, mjane akiwa bado edani, kijana aliyekuwa akiliendesha trekta alisikia mlio kama wa nyundo, na kabla hajazima, mkono mmoja wa pistoni ulikuwa umekatika na kutoboa ubavu wa injini. Nililiona tundu lile kwa macho yangu. Ngumi ya mtu mzima inapita. Ilibainika baadaye kwamba fundi aliyeifungua injini mwaka uliotangulia alirudisha bolti zile zile za mikono ya pistoni badala ya kutia mpya. Bolti ile ikishavutwa mara moja hadi kiwango chake huwa imekwisha kufanya kazi yake. Kuirudisha ni kuokoa fedha ya chai na kuhatarisha fedha ya trekta.

Eda ilikwisha mwishoni mwa Januari. Nilifika juma la kwanza la Februari, na mvua ilikuwa inatarajiwa baada ya majuma matano au sita.

Hapa sina budi kueleza jambo moja ambalo mafundi hawakulijua, na ambalo ndilo lililoongoza mambo yote yaliyofuata. Trekta lile halikuwa la shangazi. Marehemu aliacha mke, mwana mmoja wa kiume na mabinti wawili. Wazazi wake walikuwa wamekwisha kutangulia, na deni hakuacha. Kwa hisabu ya mirathi mke ana thumuni, na kinachobaki wanagawana watoto, mwana wa kiume mara mbili ya binti. Ukiligawa trekta mafungu 32, mama ana mafungu manne, mwana ana 14, na kila binti ana saba. Binti mkubwa ana miaka ishirini. Mwana ana miaka kumi na minne na binti mdogo tisa. Kwa hivyo kila shilingi nane inayotumiwa juu ya trekta lile, moja tu ndiyo ya shangazi, na zilizo nyingi katika zilizobaki ni za yatima wawili ambao hawawezi kusema ndiyo wala la. Shangazi alikuwa amezipiga hesabu hizo katika daftari la shule, akalifunika, akalala nalo chini ya mto.

Palikuwa na rai mbili. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, mtu mwema na mwepesi wa kupiga simu, alikuwa amepata habari za injini Nairobi: imetengenezwa upya kiwandani, ina dhamana, italetwa na lori hadi mlangoni. Fundi wa Bungoma, mzee mwenye vidole vilivyoliwa na chuma, alisema bloku iliyotoboka haifai tena, lakini Kitale kuna injini za matrekta yaliyoangamia. Tununue moja, aifungue, aijenge upya, na trekta liwe shambani kabla ya mvua.

Sokoni maneno matatu huchanganywa, na kuchanganywa huko ndiko kunakowaliza watu. Injini kuukuu ni injini iliyotolewa kwenye gari au trekta, ikaoshwa, pengine ikapakwa rangi. Ndani yake hakuna aliyepaona. Injini iliyojengwa upya imefunguliwa na fundi, vilivyokwisha vikabadilishwa, vingine vikarudishwa, na ubora wake ni ubora wa fundi yule na vipimo vyake. Injini iliyotengenezwa upya kiwandani ni kitu kingine. Hiyo huvunjwa hadi kipande cha mwisho, kila kipande hupimwa kwa viwango vya mtengenezaji wa asili, kilicholika huchongwa au hutupwa, kisha injini nzima huwashwa juu ya mtambo wa majaribio na hupewa namba na hati ya dhamana. Kampuni ya Caterpillar ya Marekani imeifanya kazi ya namna hii tangu mwaka 1973, na tangu mwaka 1998 ndiyo mmiliki wa Perkins, kiwanda kilichoanzishwa na Frank Perkins mjini Peterborough, Uingereza, mwaka 1932. Injini ya trekta la shangazi ni ya Perkins. Jina lake, A4.248, lina maana: silinda nne, na ukubwa wa inchi za ujazo 248. Yaani kipenyo cha kila silinda ni inchi 3.975 na mwendo wa pistoni ni inchi tano. Anayetaka na azidishe.

Nimeyataja haya kwa sababu nina heshima na injini ya kiwandani, na sikutaka shangazi aikatae kwa woga tu. Ikiwa ni ya kweli, ndiyo iliyo bora. Lakini ina mambo mawili ambayo muuzaji huyataja mwishoni. La kwanza ni kwamba bei inayotangazwa ni bei ya kubadilishana: unanunua ile, unarudisha yako, kwa kuwa chuma chako ndicho malighafi yao ya kesho. Na yako sharti iwe na bloku nzima. Mwenye bloku iliyotoboka hurudishiwa sehemu ndogo ya fedha aliyoweka kwa ajili hiyo, au hapati kitu. Shemeji alipopiga simu tena, mara hii akiulizia tundu, bei ilipanda hadi karibu mara mbili ya kazi yote ya fundi wa Bungoma. La pili ni dhamana yenyewe. Dhamana huishi mahali ilipoandikwa. Injini ikileta matata mwezi wa Mei, katikati ya shamba la mtu huko Khasoko, nani ataitoa, nani ataisafirisha hadi Nairobi, na nani atathibitisha kwamba oili ilibadilishwa kwa saa zilizoagizwa?

Palikuwa na jambo la tatu, nalo si la injini za kiwandani bali la jina lao. Tuliomba tuletewe picha ya namba ya injini na karatasi ya majaribio. Tuliletewa picha ya injini nzuri yenye rangi mpya. Tukaomba tena karatasi. Tukaletewa picha nyingine, kutoka upande wa pili. Sisemi kwamba yule bwana alikuwa mdanganyifu. Nasema kwamba rangi tunayo hata Mombasa. Kila mkazi wa Changamwe amekwisha kuona injini za makontena zikisuguliwa asubuhi na kung'aa jioni.

Basi tukaenda Kitale kuangalia, bila ya kuahidi. Tulikuwa wanne: shangazi, binti yake mkubwa na daftari lake, shemeji, na fundi. Mtoto wangu nilimwacha na binti mdogo wakila halua. Unarudi Webuye kwanza, kisha unapanda kaskazini kupitia Misikhu, Kamukuywa na Kiminini, na kwa kila kituo miwa hupungua na mahindi huongezeka, hata mwisho hubaki mahindi peke yake. Kitale iko kwenye kimo cha kama mita 1,900, na asubuhi yake hutaka koti. Reli iliufikia mji huu katika miaka ya 1920, nyuma ya walowezi waliojitwalia ardhi ya Trans Nzoia, na mashamba makubwa yakabaki hata baada ya wao kuondoka. Kampuni ya mbegu, Kenya Seed, ilianzia hapa mwaka 1956, na jumba la makumbusho la Kitale, lililofunguliwa mwaka 1974, ndilo la kwanza kufunguliwa bara nje ya Nairobi. Hatukuliingia. Kuna makumbusho mengine Kitale yasiyo na tiketi: penye mashamba makubwa pana matrekta mengi, na penye matrekta mengi pana mifupa ya matrekta.

Uwanja tuliopelekwa ulikuwa nyuma ya safu ya maduka ya spea. Matrekta yalikuwa yamelala ubavu, mengine bila magurudumu, mengine yamebaki uti wa mgongo. Mwenye uwanja, mzee wa makamo, alitukaribisha vizuri, akampa shangazi kiti. Injini ya kwanza aliyotuonyesha ilikuwa wazi, haina kifuniko kwenye matundu yake. Fundi aliinama, akatumbukiza kijiti kwenye silinda, kikatoka kimelowa. Maji ya mvua. Mwenye uwanja akasema ni ringi tu, ukibadilisha ringi itanguruma. Fundi hakujibu, akaenda zake kwenye trekta jingine. Nilijifunza kwamba fundi mwema humkataa muuzaji kwa mgongo wake.

Ya pili ilikuwa ndani ya trekta lililopinduka mtaroni. Ekseli ya mbele imevunjika, nyumba ya gia imepasuka, lakini injini ilikuwa imefunikwa gunia, na matundu yake yote yamezibwa vitambaa. Fundi akauliza swali ambalo ningependa kila mwanamke anayenunua chuma kuukuu alikumbuke: trekta hili lilikufa na nini? Maana injini iliyotolewa kwenye trekta lililokufa kwa injini ni maiti, na injini iliyotolewa kwenye trekta lililokufa kwa ajali huenda ni mgonjwa tu, au hata mzima. Mwenye uwanja alileta kitabu cha trekta, chenye namba ya injini iliyo sawa na ile iliyochongwa kwenye bloku. Hilo nalo si dogo. Injini isiyo na kitabu huenda ni ya wizi, na namba yake itakapotakiwa kuandikwa katika kitabu cha trekta lako, matata ya mwizi yatakuwa yako.

Fundi aliizungusha injini kwa mkono. Ikazunguka bila kukwama. Akamwaga oili kwenye karai akaitazama juani kama haina maji. Kisha akafungua bakuli la oili chini, akatoa beringi moja ya krenki, akaigeuza mgongo. Palikuwa na tarakimu: 020. Akampa binti ya shangazi aisome kwa sauti, naye akaiandika.

Tarakimu ile ilikuwa habari njema na mbaya kwa pamoja. Krenki ya injini hii, ikilika, huchongwa ipungue kwa vipimo: elfu kumi za inchi, kisha ishirini, kisha thelathini, na kila mara hutiwa beringi nene zaidi. Hii ilikuwa imekwisha kuchongwa hadi ishirini. Maana yake aliyeifungua zamani alifanya kazi ya haki. Na maana yake pia imebakiwa na mchongo mmoja. Fundi hakuficha: "Mama, hii krenki ina maisha mamoja yaliyobaki. Nikiichonga sasa, siku itakapolika tena utanunua nyingine." Silinda hazikumtisha, kwa sababu injini hizi zina slivu, mirija ya chuma iliyoshindiliwa ndani ya bloku, ikilika hutolewa na nyingine ikatiwa, na bloku ikabaki ile ile. Alichokiogopa ni ufa usioonekana.

Hapo ndipo shangazi alipoanza kusema. Alikuwa kimya tangu Kiminini.

"Mzee wangu," alimwambia mwenye uwanja, "bei nimeisikia na sikupunguzii. Lakini chuma hiki nakinunulia mayatima. Nitakupa nusu leo. Bloku na hedi zipelekwe zikapimwe hapa hapa Kitale. Zikiwa nzima, nusu ya pili yako kesho. Zikiwa na ufa, unanirudishia fedha yangu na unabaki na chuma chako. Na tuandikiane."

Mwenye uwanja alicheka kidogo, kisha akaona kwamba yeye hacheki. Akasema katika biashara ya vyuma kuukuu mtu hununua alichokiona. Shangazi akajibu kwamba ufa hauonekani, na ndiyo maana hakuuona. Fiqhi yetu ina mlango mzima juu ya bidhaa yenye aibu iliyofichika na hiari ya mnunuzi kuirudisha. Sidhani kama shangazi amewahi kuusoma, lakini amelelewa katika nyumba ambamo mtu haruhusiwi kuuza hata mkufu uliokatika bila ya kusema umekatika. Iliandikwa karatasi. Shemeji akatia sahihi, na mwenye duka la jirani akawa shahidi wa pili.

Tulilala Kitale usiku ule, katika nyumba ya wageni iliyo safi na isiyouza pombe, jambo ambalo lilitaka kuulizwa mara tatu. Karakana ya kuchonga injini ilifungua saa mbili asubuhi. Bloku iliangaliwa ufa, silinda zikapimwa juu, katikati na chini, kwa kuwa silinda hulika zaidi juu, pistoni inapogeukia. Hedi ilizibwa njia zake za maji, ikatiwa upepo kwa nguvu, ikatumbukizwa kwenye hodhi la maji ya moto. Tukasimama kuitazama kama watu wanaotazama mwezi. Bloku ilikuwa nzima. Hedi ilitoa kidungu cha upepo kati ya viti vya vali vya silinda ya tatu, kidogo kama kichwa cha pini, kikafuatwa na kingine, na kingine.

Mwenye uwanja aliitwa akaja kuviona vile vipovu mwenyewe. Nitamsifu: hakubisha. Bila ya karatasi ile pengine angebisha, au pengine sisi tungekuwa tumekwisha kurudi Bumula na hedi iliyopasuka, na kilomita zaidi ya mia moja katikati yetu na yeye. Akasema atatafuta hedi nyingine. Fundi akasema asitafute, apunguze bei. Hedi ya marehemu ipo, Bumula; mkono wa pistoni ulitoboa ubavu, haukupiga juu. Ikipimwa Bungoma ikawa nzima, itatumika. Vivyo hivyo pampu ya dizeli, stata, na turufu nyingine zote za injini iliyokufa.

Jioni ile, tuliporudi, ulifanywa mkutano ukumbini, nao haukuwa mwepesi. Fedha ya nusu ya pili ilikuwa imelipwa, injini bila hedi ilikuwa njiani juu ya gari la mizigo, lakini shemeji bado alikuwa na neno, na kwa haki lilikuwa neno zito. Alisema mali ya yatima haichezewi. Mwenye kuilinda huchukua kilicho na uhakika zaidi, hata kwa bei kubwa. Injini ya kiwandani ikiangaliwa vizuri hukaa miaka mingi. Hii tumeambiwa wazi kwamba krenki yake imebakiwa na maisha mamoja. Je, miaka sita ijayo, binti mdogo akiwa sekondari, hatutakuwa hapa tena? Aliyasema haya bila ya hasira. Kilichopungua kilikuwa fedha, na yeye alikuwa tayari kuchukua mkopo wa benki kwa jina lake.

Shangazi alimshukuru. Mkopo wenye riba hakuutaka, hata kwa jina la mtu mwingine, na hilo halikujadiliwa sana. Kisha alifungua daftari akamwonyesha shemeji yake ukurasa mmoja. Upande huu ameandika vitu vyote anavyovijua kuhusu injini ya Nairobi: bei, rangi, neno la muuzaji. Upande huu ameandika anavyovijua kuhusu injini ya Kitale: ilikotoka, namba yake, kitabu chake, ilivyokufa, kipimo cha kila silinda, krenki ishirini, hedi mbovu. Upande wa pili ulikuwa na mabaya mengi kuliko wa kwanza. "Shemeji," alimwambia, "hapa nayajua mabaya yake. Kule sijui hata mazuri yake. Watoto wakiniuliza nitawasomea ukurasa upi?"

Mimi nilikuwa upande wake, lakini si kwa kila hali. Kama bloku yetu ingekuwa nzima ya kubadilishana, kama muuzaji angetoa karatasi ya majaribio yenye namba iliyo sawa na ya injini, na kama dhamana ingeweza kudaiwa Eldoret au Bungoma badala ya Nairobi, ningemwambia shangazi auze hata ng'ombe wawili achukue ile ya kiwandani. Mwenye lori la safari ndefu, ambaye siku moja ya kulala njiani humla faida ya mwezi, pengine ndiyo inayomfaa. Trekta la Bumula hulala usiku mwembeni, hulima umbali wa kusikika na nyumbani, na fundi wake anakaa mwendo wa pikipiki. Injini iliyo karibu na aliyeijenga ina dhamana ya namna yake.

Kazi ilichukua siku kumi na tisa. Hedi ya marehemu ilipimwa Bungoma ikatoka nzima, na shangazi alilia kidogo, sijui kwa hedi au kwa mwenyewe. Krenki ilichongwa hadi thelathini. Zilitiwa slivu mpya, pistoni na ringi mpya, beringi zote, gasketi zote, na pampu mpya ya oili. Bolti na nati za mikono ya pistoni zililetwa mpya katika pakiti yao, na shangazi alitaka zifunguliwe mbele yake. Binti mkubwa alisimama na daftari fundi alipokuwa akizikaza kwa spana ya kipimo, akiandika kila moja. Mafundi vijana walimcheka siku ya kwanza. Siku ya tatu walikuwa wakimwita waje wasomewe. Wapishi wetu wa pilau ya harusi wanaijua hekima hii: anayehesabu vikombe vya mchele haulizi mwishoni kwa nini haukutosha.

Malipo ya fundi yaligawanywa matatu: baada ya kuchonga, baada ya kuwashwa, na la mwisho baada ya trekta kufanya kazi saa 50 na oili ya kwanza kumwagwa. Sehemu hii ya tatu fundi aliikubali kwa shida, akisema hajapata kufanyiwa hivyo. Nadhani aliikubali kwa sababu alimheshimu marehemu. Hati ya ununuzi na nakala ya kitabu cha trekta la Kitale ziliwekwa pamoja, ili namba mpya ya injini ibadilishwe katika kitabu cha trekta kwa njia ya sheria.

Iliwaka Ijumaa, baada ya swala. Moshi wa kwanza ulikuwa mweupe, kisha ukawa haba, kisha hewa ikawa safi, na majirani waliokuwa wamekuja kutoa salamu za "mulembe" wakabaki hadi Alasiri. Kwa saa za mwanzo fundi alikataza trela la miwa kabisa, aliruhusu plau peke yake, tena kwa kina kidogo na bila ya kuiacha injini ingurume bure mahali pamoja. Ekari ya kwanza ililimwa katika shamba la mjane mwingine, kwa nusu bei. Hilo lilikuwa fungu la shangazi mwenyewe. Mafungu ya watoto hakuyagusa, na alieleza hivyo daftarini.

Nilipoondoka, mvua ilikuwa imenyesha mara mbili na trekta lilikuwa limelima ekari kumi na moja. Saa za injini zilikuwa 31. Fundi alikuwa bado anadai fungu lake la tatu.